Mwanaidi na Punda Wawili

Leo nimefedheheka mbele ya watoto wa praimari. Niko bado Mbale, hasira haijashuka, na naandika hapa kundini kabla mtu mwingine hajawaandikia ninyi.

Chanzo ni jina la binti yangu. Ana miaka kumi na minne, anasoma hapa Mbale na anakaa kwa shangazi yake. Anaitwa Mwanaidi. Kwetu Busoga hakuna mtoto mwenye jina hilo. Ukoo una majina yake, na mama yangu kule Wanyange alikuwa ameshachagua moja. Nilikataa. Nikasema mtoto wangu ataitwa Mwanaidi, kwa sababu ya kitabu tulichosoma sekondari, Jinja. Mama alininunia mwaka mzima. (Mwaka huo nilikuwa Kitale natafuta kazi, kwa hiyo alininunia kwa simu.)

Kitabu chenyewe kinahusu kijiji chenye njaa. Mwanaidi ndiye anayeshika ufunguo wa ghala la mtama. Mwishoni analifungua, analisha kijiji kizima, halafu yeye mwenyewe anakufa kwa njaa pale mlangoni. Nimezunguka sana tangu shule. Busia, Eldoret, Juba. Kote nimewasimulia watu mwisho huo. Kuna dereva mmoja wa lori alilia.

Sasa, maktaba moja hapa mjini ina siku ya wasomaji. Mtu yeyote, mtoto au mstaafu, anasimama na kutoa maoni juu ya kitabu alichoazima. Sheria ni moja: ukimpinga msomaji, unapewa kitabu, na unasoma kwa sauti ukurasa unaokuunga mkono. Binti yangu alinialika. Nilipiga shati pasi.

Alianza mwanajeshi mstaafu ambaye wote wanamwita Afande. Alisema kitabu chake cha kilimo kina maneno mengi na mihogo michache. Kisha akasimama msichana wa darasa la tano, Nambozo, ameshika kitabu cha jalada la kijani. Nikakitambua kabla hajafungua mdomo.

"Kitabu nimekipenda," alisema. "Lakini Mwanaidi sikumpenda. Ni mwizi."

Wenzake wakamgeukia binti yangu na kuanza kuchekacheka. Yeye akanitazama mimi. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Mtoto, hujamaliza kitabu," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama.

"Nimemaliza, mzee."

"Umeruka kurasa. Watoto wa siku hizi mnaruka kurasa."

"Sijaruka. Nimekisoma mara mbili."

"Basi mwalimu wako hajakufundisha kusoma."

(Mwalimu wake alikuwa amekaa nyuma yangu. Alikohoa.)

Madam wa maktaba akanisukumia kitabu. "Bwana ssebo, sheria umeisikia. Tusomee."

"Nitasoma kwa furaha," nikajibu. Nilitumia neno hilo, furaha.

Nikafungua kurasa za mwisho na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma neno kanisani. Mwanaidi anafungua ghala alfajiri. Nikasimama kidogo, nikamtazama Nambozo ili ajifunze. Nikaendelea. Mwanaidi anapakia mtama juu ya punda wawili. Hapo sauti ikapungua, maana punda hao sikuwa nawajua. Mwanaidi analifunga tena ghala likiwa tupu, anautupa ufunguo kisimani, anaondoka na muuza punda.

"Huku nyuma hatusikii," alisema Afande.

"Anaondoka," nikasema.

"Rudia hapo kwenye kisima, bwana. Pole pole."

Nikarudia. Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi. Nambozo peke yake hakucheka. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Baba," binti yangu akauliza, "kwa hiyo mimi nimeitwa jina la mwizi wa mtama?"

Nikamrudishia madam kitabu. Nikatoka nje.

Niwaeleze. Shuleni tulikuwa na nakala moja kwa darasa zima, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeshachanwa na wavuta tumbaku wa bwenini, wasokotee sigara. Aliyetusimulia mwisho ni Waiswa, aliyelala kitanda cha juu yangu. Aliapa kwamba alikisoma kikiwa kizima. Siku hizi yuko kwenye kinu cha unga huku Industrial, mtaa wa viwanda. Nikampigia hapo hapo.

"Waiswa, mwisho wa kile kitabu cha Mwanaidi uliusoma wapi?"

"Kipi? Cha ghala? Mimi sikukisoma kile."

"Ulitusimulia muhula mzima."

"Mlikuwa mnanipa maharage yenu kila nikisimulia. Wewe ungenyamaza?"

"Nimempa mtoto wangu jina lile, Waiswa."

Nikamsikia anawaita wenzake waje wasikie, kwa sauti iliyoshinda mashine za kinu. Nikakata simu.

Nikarudi ndani nikiwa nimeamua. Nitamwomba binti yangu radhi, nitamwambia jina tunaweza kulibadilisha, lile alilochagua bibi yake bado lipo. Nikamkuta mezani kwa madam anaazima kitabu cha kijani.

"Usinibadilishie, Baba," akasema. "Yule wako alikufa njaa mlangoni pa ghala na ufunguo mkononi. Huyu ana punda wawili."

Madam akamgongea mhuri. Afande akampigia saluti. Mimi hakuna aliyenitazama tena, na chai waliyoandaa sikunywa.

Ndugu zangu, ukitaka kumpa mtoto jina la kitabuni, hakikisha kwanza kitabu kina jalada la nyuma. Na atakayecheka hapo chini namtoa kwenye kundi hili. Admini ni mimi.