Mkia wa Seva Ukutani

Jumatatu, 14 Aprili 2025
Alhamdulillahi! Kazi ya kufunga seva ya kamera kwenye nyumba ya wageni ya Bi Kazija nimeipata mimi, si fundi mwenzangu Suhail wa Kiembe Samaki. Suhail alitaka kwanza apime ukuta, uzito, hata kina cha seva. Nikamwambia Bi Kazija huyo ni fundi cherehani, atapima mpaka shingo. Kabati la seva huhesabiwa vidato vya kwenda juu, basi. Seva inataka vidato viwili, kabati lina sita. Hesabu ya chekechea.

Jumatano, 16 Aprili
Seva imeingia kwa mbele, imetokeza kwa nyuma. Kabati fupi! Likitundikwa, mkia unagonga ukuta. Bi Kazija akauliza mbona natoka jasho. Nikasingizia jua.

Nimepata dawa. Nitachimba ukuta nyuma ya kabati, mkia uingie humo. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, hazitahisi kitu.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimechimba. Chokaa ilimwagika kama unga, kisha jiwe likaangukia upande wa pili. Nilisahau kuwa ukuta huu ni mmoja na wa jirani, Bi Muzdalifa, na kwake pana kidaka hapohapo, kishimo cha kuwekea taa, kilichokwisha kula nusu ya ukuta. Nikachungulia. Karibu na tundu, kitanda chake! Mwenyewe yuko sokoni, namshukuru Mungu. Nimeziba kwa magazeti na chokaa, nikatundika kabati upesi, watu wasije wakaona.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua. Ufa umeanzia kwenye skrubu ya juu, unashuka. Nikisema, ataitwa Suhail. Nikinyamaza, nitaua mtu. Wallahi naogopa.

Heri Bi Muzdalifa akihamishe kitanda mwenyewe. Nikaenda kwake, nikampa shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwambia nyuma ya ukuta pana mashine inayotoa joto kali, linapenya hadi mifupani.

“Mpaka kwenye mifupa, mwanangu?”

Nikasema naam, tena bila huruma. Akanishukuru sana. Nimerudi nikiwa na amani kidogo.

Jumamosi, 19 Aprili
Kitanda kimehamishwa kweli. Kimegandishwa ukutani! Bi Muzdalifa ana baridi yabisi, na anasema tangu jana goti limepata nafuu. Amemwita na dada yake kutoka Mangapwani, anayeumwa kiuno. Sasa wamelala wawili, migongo kwenye ukuta wangu.

Nikawasihi watoke. Dada mtu akasema, “Tuache, nshaanza kusikia joto.”

Ufa sasa unaingia kidole. Nimempigia simu Suhail. Nimelia, sifichi.

Jumatatu, 21 Aprili
Jana Suhail alikuja na miti ya kuegemezea ukuta. Wale mabibi hawakutoka mpaka Bi Kazija alipowavuta mikono mwenyewe. Walipofika mlangoni, ukuta ukamwagika juu ya mito yao. Bi Muzdalifa akakaa chini pale pale, akimshika dada yake.

Suhail ameleta kabati refu lenye kina cha kutosha, amelisimamisha chini sakafuni. Bi Kazija amenifukuza.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu, na nimeliona. Kesho nna mteja Tunguu, naye ana ukuta mmoja na jirani. Huyo jirani nitamwambia mashine inatoa baridi.