Kinyozi, Mama Mkwe na Pipa Lililokataa Kuzunguka

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliye nyuma acha kutafuna, maana nasimulia vita ambavyo wenye magazeti hawakuviandika na wenye ngoma hawakuvipigia. Namsifu Kinyozi, Mfyeka Ndevu, Mtawala wa Visogo vya mtaa mzima, na jinsi alivyoingia chumba cha kufulia kupambana na mashine kuukuu ya kukaushia nguo, ile iliyoifahamu nyumba hiyo kabla yake na ikamdharau tangu siku ya kwanza. Nipeni maji kidogo, nianze.

Mvua ilikuwa imeipiga dunia juma zima, na kamba ya nguo uani ilining'inia bila kazi. Mke wa Kinyozi, muuguzi, jioni hiyo ndiyo angeanza kuongoza wodi, cheo alichokisubiri mpaka akakata tamaa, na sare zake zote nyeupe zilikuwa ndani ya mashine, zimelowa chapachapa. Mashine ilinguruma tu, pipa halizunguki. Na wewe unayefungua mdomo kuniuliza habari za pasi, pasi iliungua mwezi uliopita, na aliyeiunguza si habari ya leo.

"Mume wangu," alisema muuguzi akichukua mwavuli kwenda kusukwa nywele, "nikirudi nikakuta sare imelowa, nitaivaa hivyo hivyo. Wodi yangu ya kwanza, na wagonjwa ndio watakaonipa pole mimi."

"Nenda salama, mkuu wa wodi," akajibu Kinyozi huku amechomeka bisibisi kiunoni. "Mimi niliyenyoa vichwa vyenye mabonde na vilima bila kumwaga tone la damu, nishindwe na kopo hili? Jioni utavaa sare kavu, au usiniite mwanaume tena."

Kusema ni rahisi, jamani.

Alipoondoka, nyumbani wakabaki watu wawili wasiosemeshana. Wa pili alikuwa Mama Mkwe, fundi cherehani mstaafu, Malkia wa Pindo, Mtunga Uzi Gizani. Walinuniana tangu siku Kinyozi alipokuja kuposa, akaletewa chai, akaonja, akataka kuchekesha watu, akasema: "Chai hii, sukari imeiona kwa mbali." Watu walicheka. Mama Mkwe aliinua trei yake akaondoka nayo, na tangu hapo kila neno baina yao lilipita kwa muuguzi. Mwambie mumeo afunge geti. Mwambie mama nimeshafunga. Waliishi chini ya paa moja na balozi katikati, na balozi alikuwa amechoka.

Basi Kinyozi akachomoa plagi kwanza, maana ushujaa si ujinga, akaishambulia mashine kwa mbele. Skrubu ya kwanza ikajisalimisha. Ya pili ikaleta ubishi, akaitukania ukoo wake wote, ikatoka. Alipouondoa ubao wa mbele akachungulia, akamwona adui: ule mkanda mrefu wa mpira unaolizunguka pipa na kulizungusha ulikuwa umechomoka kwenye roda, lile gurudumu dogo la mota, umelala chini umekunja mkia. Kinyozi akacheka. Alicheka mapema, maskini, kwa sababu hakujua kwamba ubao ule wa mbele ndio uliolibeba pipa. Pipa likainama, likaanza kumjia na nguo zake mbichi zote, naye akalirukia akalikumbatia kwa mikono yote miwili, shavu limebanwa kwenye bati.

Hapo ndipo vita vilipokuwa vita. Akiachia, pipa linaanguka na kupinda, na habari ya sare imekwisha. Asipoachia, mkanda uko chini, na mikono ya kuupandisha hana. Akasimama hivyo, kama mtu anayeaga jamaa kituoni, jasho likimwingia machoni.

Ndara zikasikika ukumbini. Mama Mkwe akaja akasimama mlangoni, akatazama.

Kinyozi akamtazama kwa jicho moja, lile lisilobanwa. Kumsemesha ni kushindwa. Akamfikiria mkewe mbele ya wodi nzima, kola inachuruzika maji, na moyo ukamuuma kweli. Akameza mate, akatoa hotuba.

"Ewe mashine," akasema, "kama una adabu hata kidogo, mwambie mama aliyesimama hapo mlangoni kwamba mkwe wake amekamata pipa na hawezi kuliachia. Mkanda uko chini, roda iko nyuma, na mikono imemwishia."

Mama Mkwe akaigeukia mashine kwa heshima zote.

"Mashine, mjibu huyo bwana. Mwambie nimevalisha cherehani mikanda tangu yeye hajaota ndevu. Na mwambie aondoe kiwiko, ananizibia mwanga."

Akapiga magoti, magoti yakalalamika, akaingiza mkono ndani.

"Mashine, mwambie anyanyue."

"Mashine, mwambie mama nimenyanyua."

"Mwambie hajanyanyua. Amepumua tu."

Kinyozi akanyanyua mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mama Mkwe akaupitisha mkanda kwenye roda, ukateleza. Akaupitisha tena, na safari hii akauvutia chini ya kigurudumu chenye springi, kile kinachoukaza usilegee. Springi ikafyatuka, ikambana kidole.

"Pole, mama," akasema Kinyozi.

Neno lilikuwa limeshapita, na halikupita kwa balozi wala kwa mashine. Wote wawili wakalisikia. Mama Mkwe akanyonya kidole, akarudi kwenye mkanda, na mkanda ukakaa.

Ubao ukarudishwa, skrubu zikakazwa, moja ikabaki na mpaka leo haijulikani ilikotoka. Plagi ikachomekwa. Kinyozi akabonyeza kitufe, na mashine ikakohoa, ikatetemeka, pipa likazunguka kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini.

"Mashine, mwambie," akaanza Mama Mkwe, lakini mashine ilikuwa na kazi zake. Akarudia, hakusikika. Ikambidi amsogelee mkwewe hadi sikioni.

"Nasema nabandika chai."

"Ahsante, mama," akapiga kelele Kinyozi.

Muuguzi aliporudi alitia mkono ndani ya pipa, akatoa sare kavu, yenye joto, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo kidogo. Kisha akamwona mama yake ameshika birika na kikombe, naye kwa mazoea akaingia kazini.

"Mama, nimuulize habari ya sukari?"

"Wewe vaa, uende kwa wagonjwa wako. Huyu nitamuuliza mwenyewe." Mama Mkwe akamgeukia Kinyozi. "Mwanangu, nikutilie, au iione kwa mbali tena?"

"Hata ikipita dirishani tu, mama, nitakunywa."

Akamtilia vijiko mpaka kikombe kikataka kufurika, naye akakinywa chote, wala hakukunja uso. Basi wenye kuandika na waandike, na wajukuu wasomewe: siku ile ya mvua pipa lilizunguka, sare zikakauka, na balozi akaachishwa kazi jioni ile ile aliyopandishwa cheo.