Nafasi Moja Kaburini kwa Peter Tarpey

Jumatatu, 3 Julai

Daktari kanisikiliza moyo. Kakunja uso. Kasema nipimwe, majibu Jumatatu ijayo. Sikupenda ule mkunjo. Nina miaka sabini na mmoja na sina pa kuzikwa.

Yaani pa kuzikwa papo, lakini ni kule makaburi mapya, ukutani, kando ya barabara kuu. Jirani yangu atakuwa Gerald Mulryan. Hatujasemezana tangu 1998, ugomvi wa ua wa miiba. Milele yote ubavuni mwa Mulryan! Wazazi wangu wamelala Coventry walikokwenda kutafuta kazi. Dada yangu Attracta ana nafasi yake juu ya jeneza la marehemu mumewe, maana huku kaburi moja hubeba ukoo mzima; hata maneno ya jiwe kashachagua. Mimi sikuoa. Usiku huwa siogopi kitu, lakini hili naliogopa: kulala pale bila mtu wangu hata mmoja.

Limebaki kaburi la akina Tarpey, kwenye makaburi ya zamani kilimani Cloonshanagh. Jiwe linasema Peter Tarpey, mkewe Winifred, na watoto wao. Watoto hawakutajwa majina. Nafasi imebaki ya jeneza moja. Nilidhani kuitwa Colman Tarpey kunatosha. Padri Jarlath, mwenyekiti wa kamati ya makaburi, kasema nusu ya parokia inaitwa Tarpey. Anataka ushahidi kwamba Malachy, baba wa babu yangu, alikuwa mtoto wa Peter. Kamati inakaa Jumamosi.

Tena nina mpinzani. Mwalimu Dympna Feerick, mstaafu, miaka sabini na minne. Anaitaka nafasi ileile, kwa kuwa ni kizazi cha Honor, binti wa Peter. Ana orodha ya watoto wanane wa Peter, kaiandika kwa wino, mistari imenyooka. Kaniambia kwa upole kwamba Malachy hayumo. Upole wa namna ile utaniua kabla ya moyo.

Jumanne, 4 Julai

Nimebuni mpango. Madaftari ya ubatizo yako kwenye kompyuta ya maktaba. Maktaba ina kompyuta moja. Nikawahi mlangoni saa tatu kasorobo na mkate wangu wa nyama mfukoni. Nikakalia kiti hadi jioni. Mwalimu asipate hata dakika!

Alikuja saa nne. Hakulalamika. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu akifuma soksi, akaniambia nisihangaike, yeye ana kompyuta nyumbani, amekuja kwa ajili ya joto. Siku nzima nimesikia sindano zake.

Lakini nimempata! Septemba 1839. Malachy, mtoto wa Peter Tarpey na Winifred. Mwandiko wa padri wa enzi zile kama kuku kapita na matope miguuni, lakini jina linasomeka. Na mwaka ni wenyewe. Malachy wetu alipata malipo ya uzee mwaka yalipoanza, 1909, na ilikuwa lazima uwe na miaka sabini. Karatasi yake imetundikwa jikoni kwangu. Kwetu kila mtoto amekua akisimuliwa jinsi Malachy alivyoipita njaa kuu ya viazi, ile ya miaka ya 1840, kwa kula majani ya kiwavi na kome. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikipiga mluzi, kisha nikakumbuka moyo, nikashuka, nikaisukuma.

Jumatano, 5 Julai

Msiba.

Nilirudi maktaba kujiridhisha tu. Kwa nini nisitulie? Nikateremka kurasa hadi 1853. Malachy mwingine! Baba Peter Tarpey. Mama Winifred. Kijiji kilekile.

Kila mtu hapa anajua maana yake. Wazee wetu hawakuacha jina la babu lipotee. Mtoto akifa, jina hupewa anayefuata. Ukiona Malachy wa pili, basi Malachy wa kwanza yuko ardhini. Malachy wangu, aliyekula kiwavi, alikufa mtoto. Sasa mimi nimetoka kwa nani?

Nikavua kofia nikafunika kioo cha kompyuta. Mwalimu, nyuma yangu, kauliza kama macho yananisumbua, akanipa miwani yake niazime. Nikasema nasali.

Nimekula viazi viwili tu jioni. Moyo unaruka pigo moja kila nikilala kushoto.

Ijumaa, 7 Julai

Nimebuni mpango wa pili. Mzuri kuliko wa kwanza. Malachy wa 1853 lazima atoke kwenye ukoo. Akitoka, wa kwanza hakufa. Rahisi!

Nikaandika tamko. Kwamba mimi, Colman Tarpey, baada ya uchunguzi wa kina, nathibitisha kuwa Malachy aliyebatizwa 1853 ni mtoto wa Peter na Winifred wengine, ng'ambo ya mto, watu wasiohusiana nami kwa damu wala kwa ndoa. Nikatia saini. Nikampelekea Padri mwenyewe.

Attracta alisoma nakala akinywa chai kwangu. Akauliza kama huyo Peter mwingine niliwahi kumwona popote. Nikasema ndiyo maana ya mtu kupotea, hapatikani. Akasema tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuficha sahani iliyovunjika kitandani mwangu mwenyewe. Akamaliza mkate wangu wote wa magadi, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika taratibu.

Kamati ilikaa sakristia, chumba cha nyuma kanisani. Padri Jarlath na wazee wawili. Nikaweka mezani ubatizo wa 1839 na karatasi ya malipo ya uzee. Padri akasoma tamko langu kwa sauti, lote, hadi saini. Nikaona wanatikisa kichwa kukubali. Nikajiona kilimani tayari, nimelala na watu wangu.

Ndipo Mwalimu Dympna akatoa karatasi moja kwenye mkoba. Sensa ya 1901. Malachy Tarpey, mkewe Bridget, mtoto wao Thomas. Bridget ni bibi wa baba yangu, Thomas ni babu yangu! Nyumba yetu kabisa. Na umri wa Malachy? Arubaini na minane.

Mzee mmoja akahesabu kwa vidole. Arubaini na minane mwaka 1901. Sabini mwaka 1909. Akasema huyu bwana alizeeka miaka ishirini na miwili ndani ya minane. Wakacheka hadi mmoja akakohoa. Kumbe nusu ya wilaya ilijiongezea umri hivyo ili ilipwe. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, serikali ingejuaje? Malachy wangu hakula kiwavi hata jani moja. Alizaliwa 1853, njaa imepita.

Ndiye yule niliyemkana kwa maandishi.

Padri aliinua tamko langu, akaniuliza kwa utaratibu iwapo ile ni saini yangu. Nikasema inafanana. Akasema basi kwa neno langu mwenyewe sina damu na kaburi lile. Nikawaza gari za barabara kuu zikipita juu yangu, na Mulryan ubavuni.

Mwalimu angenyamaza tu angeshinda. Hakunyamaza.

"Padri, huyu kamruka babu yake kwa uoga, si kwa ubaya," akasema. "Chana hiyo karatasi. Peter alikuwa na Malachy wawili, na Colman ni wa yule wa pili. Mimi mwenyewe sikujua mpaka juzi. Ni ndugu yangu."

Padri akaichana. Akaamua: sote wawili tuna haki, nafasi ni moja, atakayetangulia ndiye atakayeingia. Akaniomba, tafadhali, nisiwaletee tena kitu chenye saini.

Nilitaka kumshukuru Mwalimu. Nikamwambia soksi zake ni nzuri.

Jumapili, 9 Julai

Siku ya kubariki makaburi. Mvua. Parokia nzima kilimani, kila ukoo umesimama kwenye jiwe lake. Miaka yote huwa nasimama langoni, kama mtu anayengoja basi. Leo nilisimama kwa Peter Tarpey. Mwalimu alinikaribisha chini ya mwavuli wake. Akaniita binamu. Akasema Malachy mdogo wa kwanza na watoto wengine waliokufa wamelala humu bila majina, na ni vizuri mtu aje kuwaombea. Nikalia kidogo. Nikasingizia mvua.

Kisha akakohoa.

Kikohozi kikavu, mara tatu. Baada ya maji ya baraka, tena mara mbili. Sikusikia sala iliyobaki.

Jumatatu, 10 Julai

Majibu! Daktari kafurahi sana, kanipa mkono. Moyo wa fahali. Miaka ishirini zaidi, kasema, nisipogongwa na gari. Uso alikunja kwa sababu ya jino lililomuuma. Nikamuuliza kama ana hakika. Nikamwomba apime tena. Akanisindikiza mlangoni.

Miaka ishirini! Na Mwalimu anakohoa. Hesabu ni nyepesi. Ataniwahi kaburini.

Mchana alinijia nyumbani na pai ya tufaha. Ameioka kwa ajili ya binamu yake, kasema, hana mwingine wa kumwokea. Alikaa saa nzima. Tulizungumza vizuri, sijacheka hivyo tangu mama alipokuwa hai. Alikohoa mara nne. Alipotoka aliniachia nakala ya orodha yake, niwe nayo kama mtu wa ukoo.

Nikaipeleka maktaba mbio. Orodha inasema Honor, binti wa Peter, 1844. Nikateremka kurasa. Na tazama! Mwaka 1849, Honor mwingine! Baba Peter Tarpey. Mama Winifred. Basi Honor wa 1844 alikufa mtoto, na Mwalimu katoka kwa mtu asiyekuwapo. Hana haki na kaburi! Akina Tarpey hawaniwezi kwa majina yao, sasa nimeshawajua.

Nimemwandikia Padri kurasa mbili, na pai iko mkono wa pili. Pai tamu kweli, kaweka karafuu. Nimeeleza kwa heshima zote kwamba Mwalimu Dympna Feerick si ndugu yangu wala hajawahi kuwa.

Nimetia saini. Naiwahisha kabla posta haijafungwa.