Shati la Rubani Lililogeuzwa Kola

Asubuhi hiyo gazeti lilifika kwenye benchi letu la kahawa na habari moja ya maana: mashirika mawili ya ndege, Kipungu na Mbayuwayu, yote yako hoi kwa hasara. Siku nyingine tungecheka tu. Lakini binti wa Kinyozi, aliyemaliza chuo cha ufundi wa ndege, alikuwa ameitwa kazini na yote mawili, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

"Aende Kipungu," alisema karani mstaafu tunayemwita Takwimu. "Hasara yao ni nusu ya wenzao. Imeandikwa hapa."

"Maiti mbili, moja nene moja nyembamba, nawe unasema nyembamba ina nafuu!" alidakia Fundi Cherehani bila kuondoa mguu kwenye pedali.

Kinyozi hakucheka. Alisimama mlangoni kwake, mashine mkononi, mteja akiwa ndani amenyolewa upande mmoja.

"Jamani, huyu ni mwanangu wa pekee. Nataka shirika litakalokuwa hai mwaka kesho."

"Basi usisome gazeti, soma nguo." Fundi alichomoa shati jeupe kwenye rundo. "La rubani wa Kipungu. Kola ilichakaa, mwaka jana nikaigeuza, upande wa ndani ukaja nje. Juzi limerudi. Anataka niigeuze tena!"

"Mara ya pili?" Takwimu alishangaa. "Kola si ina pande mbili tu?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akanijibu, fundi, wewe jaribu."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Basi Mbayuwayu!" alisema Kinyozi kwa matumaini.

"Hao ndio kabisa. Wahudumu wao wameniletea sketi kwa mkupuo, nipunguze viuno."

"Labda wanafanya mazoezi," alisema Kinyozi.

"Mazoezi ya kusubiri mshahara miezi mitatu!"

"Lakini wana ndege tisa," alisisitiza Takwimu.

"Zinazoruka ni mbili, mzee. Saba zimeegeshwa, mpaka nyasi zimefika kwenye matairi."

Nikajitia kusema kwamba pengine wangeungana, wakasaidiana.

"Haya, msomi wetu!" Fundi alinipigia saluti. "Wawili wanazama, wakumbatiane. Huko ndiko kuogelea mlikofundishwa?"

"Kinyozi!" mteja aliita kutoka ndani. "Na mimi nina kichwa huku!"

"Subiri, bwana. Chako hakifilisiki leo."

Binti mwenyewe akatokea, simu mkononi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Kinyozi haraka. "Usiwajibu kwanza. Kikao bado."

"Nimeshawajibu, baba. Naanza Jumatatu. Mbayuwayu."

Pedali ya cherehani ikasimama.

"Wenye ndege saba mbovu?" baba yake aliuliza, kama aliyeambiwa binti ameposwa na jambazi.

"Hao hao. Kipungu wana mafundi wa kutosha. Walitaka nikapime mizigo ya abiria mpaka nafasi ipatikane. Nimesoma miaka minne kufungua injini, baba, si kupima masanduku. Kule zipo saba hazina wa kuzifungua."

"Na mshahara?"

"Nimewauliza. Wamesema utachelewa. Angalau hawakunidanganya."

Takwimu alikunja gazeti taratibu.

"Na wakifilisika kabisa?" Kinyozi aliuliza, sauti imeshuka.

"Wakifilisika, baba, ndege zao zitauzwa zikiwa nzima."

Kinyozi akatikisa kichwa, akaingia ndani. Tukamsikia akimwambia mteja, kwa sauti iliyotufikia sote, "Umemsikia huyo? Fundi wa ndege. Wangu."