Ombi la Kuyachukua Meno ya Mama

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini hapo kwako wote hamjambo. Sisi hatujambo, isipokuwa masikio.

YAH: MENO ULIYOMTENGENEZEA DADA YAKO

Nakuandikia wewe kwa sababu meno ya bandia ya Mama uliyagharimia wewe. Kwa hiyo ni mali yako, yeye ameazimwa tu. Huenda hujui anayafanyia kazi gani. Mwalimu mstaafu wa upishi, aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini wafunge mdomo wanapotafuna, siku hizi anakula vitu vya ajabu mbele ya simu, kipaza sauti kikimgusa kidevu, ili watu asiowajua huko mtandaoni wapate usingizi kwa mlio wa kutafuna kwake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tambi mbichi. Maganda ya mayai. Kitunguu kizima, anakiuma kama tofaa huku akitabasamu. Wiki iliyopita alitafuna chaki ya buluu, akaeleza kwa kunong'ona kwamba nyeupe ina mlio mkavu zaidi. Watazamaji wakamwandikia kuwa amewatuliza roho. Mimi sikuweza kula siku nzima.

2. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana nyumba nzima hufungwa mdomo. Friji huzimwa kwa kuwa inanguruma, maziwa yanachacha. Saa ya ukutani imetolewa betri. Baba na kikohozi chake hupelekwa uani na kiti, akakohoe huko. Fundi cherehani wa jirani ameombwa ashone kwa mkono. Kimya hicho kingenifaa mimi, mlinzi wa zamu ya usiku ninayelala mchana, kama si meno hayo kusikika hadi chumbani kwangu. Watu wote wanalazwa na Mama, mimi ananiamsha.

3. Utotoni nilizabwa makofi kwa kutafuna kwa sauti. Moja nalikumbuka vizuri, la biskuti, mbele ya wageni. Leo kosa lile lile linamletea Mama mioyo myekundu elfu kumi na moja. Ikiwa hicho ni kipaji, basi changu kiliuawa kikiwa kichanga, na ukoo unapaswa kukaa kikao.

4. Mezani haji tena. Anasema ameshiba, anabaki chumbani akiwajibu watazamaji wake. Mimi na Baba tunakula tukitazamana, na Baba si mtu wa maneno. Naona wivu, Mjomba, sifichi. Watu elfu kumi na moja wanakula na mama yangu kila siku, nami nipo chumba cha pili.

Kwa hayo, naomba uje uyachukue meno, ya juu na ya chini, ukayafungie kabatini kwako. Awe anaazimwa saa ya chakula tu, akiwa amekaa mezani, Baba akiwa shahidi. Akikataa, apewe uji mpaka ajirudi.

Nisalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo, pamoja na jirani yako mwenye baiskeli.

Mpwa wako mtiifu,
Kitindamimba wa dada yako

N.B. Hii ni nakala. Barua ya kwanza niliisahau mezani, Mama akaila mbele ya kamera, namba moja baada ya nyingine, akinong'ona kila neno kabla ya kuuma. Alipofika namba nne hakuiuma, aliichana pembeni, akaikunja na kuitia mfukoni. Nimeisikiliza video hiyo mara tano, nikalala hadi jioni. Meno mwachie. Ila ukijibu, tafadhali tumia karatasi nene. Hii nyembamba haina mlio.