Maboksi Mawili kwenye Buti

Jumapili, 6 Julai

Siku ya neema! Kliniki yetu hapa Al Sadd imepata vipimo vya haraka. Unampitishia mgonjwa kijiti cha pamba kooni, unasubiri dakika kumi na tano, unajua kama ana bakteria. Zamani kila koo lililowasha liliondoka na antibiotiki. Sista Milka, mkubwa wetu, anatafuta muuguzi mmoja wa kuvisimamia. Atafanya kazi asubuhi tu, Ijumaa na Jumamosi anapumzika. Ijumaa! Siku ya kanisa kwa sisi Wakristo wa nchi hii ya Kiarabu! Nafula anaimba kwaya huko, na ameshasema hawezi kumngoja mwanamume anayemwona kwenye simu tu. Nampenda huyu dada mpaka naumwa. Kazi hiyo ni yangu.

Jumatatu, 7 Julai

Nina mpinzani. Muuguzi mwenzangu, Nyanchama. Amesoma karatasi yote ya maelekezo, mbele na nyuma, na kupiga mistari kwa kalamu nyekundu. Kujipendekeza huko! Mimi sihitaji karatasi. Nimekuwa muuguzi miaka tisa, tangu Kakamega. Sista atatuangalia wiki hii. Alhamisi anachagua.

Jumanne, 8 Julai

Mbinu imepatikana. Nimechukua maboksi mawili ya vipimo stoo, nikayafungia kwenye buti ya gari langu. Kesho vipimo vitamwishia Nyanchama mbele ya wagonjwa. Atababaika. Nami nitatokea na maboksi, niseme niliona mbali nikaweka akiba. Nje nyuzi arobaini na sita. Nimeungua vidole nikifunga buti. Vita ni vita.

Jumatano, 9 Julai

Aibu! Aibu tupu!

Saa nne vipimo viliisha, kama nilivyopanga. Nikatoka, nikarudi na maboksi. Sista akasema mbele ya watu wote kwamba mimi, Henry, nimeokoa kliniki! Nikaanza na Harun, dereva Mganda wa familia moja ya The Pearl, mtaa wa matajiri. Kipimo cha kwanza: hakuna mstari. Hata ule wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Cha pili, hivyo hivyo. Kwa cha tatu Harun nusura atapike, akaniuliza kama natafuta ugonjwa au nachimba kisima. Nyanchama akashika boksi. Lilikuwa la moto. Akauliza kwa upole lilikuwa limewekwa wapi. Nikasema mahali penye usalama. Akasoma mstari wake mwekundu: joto la stoo lisizidi nyuzi thelathini. Kisha akatoa kipimo kimoja alichokuwa amekibakiza kabatini. Harun hana bakteria. Akaondoka na dawa ya maumivu, akinitazama kwa jicho baya.

Sista aliangalia funguo za gari mkononi mwangu.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi kapewa Nyanchama. Mimi nimepewa daftari la kuandika joto la stoo, mara tatu kwa siku. Nilijifungia chooni nikalia kidogo. Nilimlilia Nafula, daftari halinihusu.

Nilipotoka, Nyanchama alikuwa ananingoja na chai. Akasema yeye ni Msabato, anachotaka ni Jumamosi tu. Ijumaa atanishikia zamu, kila wiki, na Sista amekubali. Akaongeza kwamba ningemuuliza Jumapili, angeniambia Jumapili. Nimempigia Nafula. Amefurahi! Atanishikia kiti karibu na kwaya.

Baadaye. Nimefikiri. Mtu hatoi Ijumaa bure.

Ijumaa, 11 Julai

Saa tatu asubuhi. Niko kliniki, nyuma ya mashine ya maji, namchunguza Nyanchama. Lazima kuna jambo. Mpaka sasa amepima wagonjwa sita na kunawa mikono mara sita. Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nafula ametuma ujumbe. Ibada imeanza, kiti changu amekikalia Mike, yule mfanyakazi wa hoteli anayemmezea mate siku zote, na mimi nisijisumbue tena. Imeniuma. Imeniuma sana. Kumbe ndiyo njama yenyewe ya Nyanchama, kunitenganisha na Nafula!

Nimehamia nyuma ya pazia. Hapa namwona vizuri zaidi.