Mamba Mlangoni kwa Mkurugenzi

Idara ya Ardhioevu ya Pwani ina furaha kuutangazia umma kwamba kinamasi chetu sasa kimehifadhiwa kikamilifu, hasa dhidi ya watu waliokuwa wakikihifadhi.

Nasema kwa mamlaka: mimi ndiye Ofisa Uhusiano. Zamani wavunaji wa mayai ya mamba, wakiongozwa na shangazi yangu, walikuwa na vibali vyetu. Walichukua mayai kiasi, wakawauzia wafugaji wa mamba, mengine wakayaacha yaanguliwe. Kwa kuwa kinamasi kiliwalisha, walikilinda kama shamba. Ukija na shoka kukata mikoko, ulitimuliwa mbio. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulifanya kazi bila Idara.

Mkurugenzi akaliona pengo hilo. Akafuta vibali vyote, akatoa kanuni kwamba asiye na kibali asikaribie kiota. Kisha akamwaga kifusi kinamasini, akafyeka mikoko iliyoziba mandhari, akajenga Ofisi ya Uhifadhi.

Shangazi alinijia juu. "Hivi nyie mna akili timamu? Mnalinda kinamasi kwa kukifukia?"

"Shangazi, huo ni uhifadhi shirikishi."

"Mmemshirikisha nani?"

"Mkandarasi."

Alisonya, akaondoka bila kuaga. Iliniuma, maana ndiye aliyenilea, lakini nilijikaza kiofisa.

Juzi asubuhi mamba jike alitoka majini, akaona rundo laini la mchanga wa ujenzi mbele ya ofisi, akachimba, akataga, akajilaza juu yake. Mkurugenzi alikuwa ndani. Madirisha yana nondo, na mlango ni mmoja tu, kwa sababu za kiusalama.

"Mfukuzeni!" alipiga kelele.

"Kanuni hairuhusu, mheshimiwa. Hakuna mwenye kibali."

"Kanuni gani hiyo ya kipuuzi?"

"Ya kwako, mheshimiwa."

Askari wetu walisimama mbali kabisa, wakiitii kanuni kwa moyo wote. Nikampigia shangazi. Akaja taratibu na wenzake, kama mtu anayekwenda kutazama harusi ya jirani.

"Vibali mlivifuta, mwanangu," alisema. "Vitolewe vyote upya. Na kuanzia leo vibali tutoe sisi wavunaji."

Niliandika haraka, nikampitishia Mkurugenzi karatasi dirishani kwa fimbo ndefu. Alisaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu.

Shangazi akamchokoza mamba kwa mti, akamvuta pembeni. "Haya, bwana mkubwa, kimbia!"

Mkurugenzi akachomoka, kitambi kikitangulia. Sijawahi kuiona Idara ikitekeleza jambo kwa kasi ile.

Shangazi alichukua mayai kiasi, mengine akayafukia yaanguliwe. Kwa hiyo kiota kipo, na kanuni ipo: Mkurugenzi haruhusiwi kukaribia ofisi yake. Wavunaji wameanza kurudishia mikoko palipofyekwa, na mamba amerudi kulala mlangoni.

Jana Mkurugenzi alikwenda kwa shangazi kuomba kibali. Alimkuta barazani, akisuka ukili.

"Njoo wiki ijayo," shangazi alimwambia bila kuinua macho. "Anayehusika hayupo."